Kiswahili cha Nyumba ya Pili

Jumapili moja ya Julai Mwende alikuwa nyuma ya nyumba yake, Kenton kule London, akianika mashuka, aliposikia msichana akisimulia jambo kwa Kiswahili ng'ambo ya ua wa mbao. Akasimama, kibanio mkononi. Sauti ile ilikuwa ikijikwaa hapa na pale, lakini ilikuwa imejaa raha.

"Basi dereva akaniambia, hii basi haiendi Wembley, na mimi nimeshakaa, na viatu nimevua!"

Kikafuata kicheko, na juu yake kicheko kingine cha mtu mzima, kile cha kutoka tumboni.

Mwende alidhani jirani amepata mgeni kutoka nyumbani. Akainama, akachungulia pale ubao mmoja ulipolegea. Aliyeketi kwenye kiti cha plastiki, miguu ameikunja, sahani ya bhajia mapajani, alikuwa Daisy. Daisy wake. Binti yake wa kumzaa, mwenye miaka ishirini, ambaye tangu aanze shule hakuwahi kumjibu mama yake neno la Kiswahili lililozidi "sawa".

Mwende aliingia ndani akaacha mashuka mengine kwenye beseni. Yalilala pale mpaka yakaanza kunuka unyevu, ikabidi ayafue upya.

Jirani huyo aliitwa Lila, ila kwa Mwende alikuwa Mama Sachin, kwa jina la mwanawe aliyehamia Toronto. Alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu. Yeye na marehemu mumewe, Kanti, walikuwa na duka la vitambaa kule Harrow kwa miaka mingi, na kabla ya hapo, zamani sana, Lila alizaliwa Machakos mjini, ambako baba yake alikuwa na duka karibu na soko. Kwa Mwende, mzaliwa wa milima ya huko huko Machakos, jambo hilo lilikuwa zuri wakati ule alipohamia. Walisalimiana kwa Kiswahili juu ya ua, wakapokeleana vifurushi, wakapeana dania na sukuma wiki. Nyumba zao zilikuwa pacha, zimegawana ukuta mmoja, na kwa miaka kumi na moja ukuta huo haukuwahi kumkera Mwende.

Tangu siku ile ukaanza kumkera. Masikio yake hayakutulia. Akirudi kutoka hospitali, ambako alikuwa muuguzi, aliketi jikoni bila kuwasha redio, akisikiliza. Sauti zilipita ukutani zikiwa zimefifia, maneno hayasikiki, lakini mdundo alisikia, na mdundo ulikuwa wa Kiswahili. Alimuuliza Daisy, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa:

"Mnaongeaga nini huko kwa Mama Sachin?"

"Stuff, Mum," alijibu Daisy, akapanda ngazi.

Kilichomchoma zaidi kilikuja wiki iliyofuata. Daisy alikuwa mlangoni akivaa viatu, simu sikioni, na Mwende akamsikia akisema, "Nakuja, susu, niletee ile pilipili." Susu. Kikamba hicho, ndilo jina la nyanya. Susu wa Daisy alikuwa mama yake Mwende, bibi kizee aliye hai na mwenye akili zake, kule kijijini, ambaye kila Jumamosi alimpigia simu Mwende na kuuliza, "Na yule mtoto, bado hajajua kuniamkia?" Mwende alikuwa amemfundisha Daisy neno hilo angali mchanga, Daisy akalisahau kama alivyosahau mengine. Na sasa mwenye duka la vitambaa amelitoa kabatini kwake na kujipachika.

Mwende alirudi jikoni. Aliosha sufuria iliyokwisha oshwa.

Mwezi wa nane ulipoanza, Daisy aliyekuwa akisomea uchoraji chuoni alitangaza wakati wa kula kwamba angekwenda Yorkshire kutazama jiwe. Alisema kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Lilikuwa jiwe la kale, lililochongwa na watu walioishi huko maelfu ya miaka iliyopita, nalo lilikuwa juu kabisa kwenye nyika ya baridi isiyo na miti. Alilihitaji kwa kazi yake ya chuo.

"Peke yako?" aliuliza Mwende.

"Na Lila."

"Mama Sachin ana magoti. Anakwenda mlimani kufanya nini?"

"Anataka kuliona. Aliniomba mwenyewe." Daisy aliinua mabega. "Anasema Kanti alikuwa akimwahidi kila mwaka kumpeleka huko kaskazini, na kila mwaka duka likamzuia."

Mwende aliweka uma chini. Pasaka iliyopita alikuwa amemwomba Daisy waende pamoja baharini, Brighton, siku moja tu, na Daisy akasema ana kazi. Alimwomba Desemba iliyotangulia waende Machakos, Daisy akasema nauli ya Desemba ni wazimu na baridi ya London haimsumbui.

"Nami naja," alisema.

"Mum, wewe hupendi kutembea."

"Nani amekwambia?"

Daisy akasema sawa.

Waliondoka Jumamosi asubuhi. Treni ya Metropolitan iliwafikisha King's Cross, na pale wakapanda treni ya kwenda Leeds. Lila alivaa viatu vipya vya kupandia mlima, koti la mvua la rangi ya chungwa, na sari fupi ameikunja ndani ya suruali ya joto. Alipomwona Mwende stesheni alifurahi kama aliyepata zawadi.

"Mama Daisy, na wewe nakuja pia! Mzuri sana! Sasa sisi iko watatu."

Mwende alitabasamu kwa midomo. Moyoni alikuwa akisahihisha. Ndicho Kiswahili Daisy alichokwenda kuokota huko, alifikiri, Kiswahili cha kaunta, cha kupima kitambaa na kurudisha chenji. Mimi ninacho kilichonyooka, bure, jikoni kwake, na hakitaki.

Walipata viti vinne vyenye meza. Daisy alikaa na Lila upande mmoja, Mwende akakaa peke yake ng'ambo, na mabegi. Treni haijatoka vizuri London Lila alikwisha fungua kopo la kachori. Mwende akafungua lake la chapati na ndengu, alizopika alfajiri ile. Akatazama mkono wa binti yake ungeelekea wapi kwanza. Ulikwenda kwenye kachori.

"Kali!" alisema Daisy, kwa Kiswahili, akipepea mdomo. "Susu, umeweka pilipili ngapi?"

"Kidogo tu. Wewe iko na ulimi ya Mzungu."

Wakacheka wote wawili. Lila akachukua chapati ya Mwende, akala, akachukua nyingine, akazisifu kwa dhati mpaka abiria wa nyuma akageuka. Mwende angependa zaidi asingezisifu. Ni vigumu kumchukia mtu anayekula chakula chako kwa hamu namna ile, na asubuhi ile alitaka iwe rahisi.

Kutoka Leeds walipanda treni ndogo mpaka mji mdogo wa mawe ya kijivu, na kutoka mjini teksi ikawapandisha hadi mwisho wa lami. Hapo ndipo nyika ilipoanza. Mwende hakuwa ametegemea ukubwa wake. Ilipanda na kutanda mpaka ilipokutana na mawingu, haina mti, haina nyumba, imefunikwa vichaka vifupi vyenye maua ya zambarau, na katikati yake vijia vya udongo mweusi na kondoo wachache wenye nyuso chafu. Upepo ulipita juu yake bila kizuizi, ukawapiga usoni.

Daisy alimshika Lila mkono. Walitangulia wakipanda polepole, fimbo ya Lila ikigonga mawe, na Mwende akafuata nyuma na begi la chakula. Aliwatazama migongo. Kila baada ya hatua chache Daisy aliinamisha kichwa kumsikiliza mzee yule, na kila alipoinamisha Mwende alihisi kitu kikimbana chini ya shingo, mahali pale pale, kama kifungo cha blauzi iliyombana. Kwa miaka yote aliyofanya shifti, Jumapili na sikukuu, ili Daisy asome, ni lini mtoto huyu alimwinamishia kichwa hivyo?

Njia ilipogawanyika kuwa mbili palikuwa na benchi kando ya ukuta wa mawe. Lila akaketi, akishika goti.

"Mimi napumzika kidogo. Hii goti imekataa."

"Tutakungojea," alisema Daisy.

Mwende alitazama juu. Upande wa magharibi mawingu yalikuwa yameshuka. "Mvua inakuja," alisema. "Afadhali twende sisi wawili haraka tulitafute hilo jiwe. Tukishajua lilipo, tunarudi kumchukua. Hivyo hatembei bure."

Lilikuwa wazo la busara, na Mwende alilichagua kwa sababu hiyo. Hakuna ambaye angeweza kulipinga. Lila mwenyewe aliwapungia mkono waende. Daisy alisita, akamwachia koti lake la ziada, akamfuata mama yake.

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, Mwende alikuwa na binti yake peke yao. Alitembea kwa nguvu, hewa ikimjaa kifuani. Alikuwa ameshinda. Na baada ya hapo hakujua aseme nini.

"Kunafanana na kwetu kidogo," alijaribu, kwa Kiswahili. "Kule juu, wakati wa baridi ya Julai."

"Yeah?" alisema Daisy, akitazama ramani ya simu.

"Babu yako alikuwa akilisha mbuzi mahali kama hapa."

"Cool." Daisy alisimama, akaendelea kwa Kiingereza chake. "Simu haina mtandao. Nadhani tulipaswa kushika ile njia ya kushoto."

Mawe yalikuwa mengi. Kila moja kwa mbali lilionekana kuwa ndilo, na walipofika lilikuwa jiwe tu, lenye ukungu wa kijani na mavi ya kondoo. Manyunyu yakaanza, halafu ukungu, si mzito, lakini wa kutosha kuufuta ukuta na benchi kule chini. Daisy alisema warudi. Mwende akasema bado kidogo, pale mbele kuna jingine. Daisy akasema tena warudi, na Mwende, akijua fika kwamba binti yake ana haki, akasema, "Yule ni mtu mzima, hatayeyuka." Wakaenda mpaka jiwe lile jingine. Halikuwa na kitu.

Waliporudi kwenye benchi, Lila hakuwapo. Koti la Daisy halikuwapo. Palikuwa na ganda la chungwa tu, ukutani.

Daisy aligeuka. Alifoka kwa Kiingereza: "Ulisema hatayeyuka! Wewe ni nesi, Mum! Wewe ndiye ulisema tumwache!"

Mwende alitazama ardhi iliyozunguka benchi. Kichwa chake cha kazi kiliamka peke yake na kuanza kumsomea: zaidi ya sabini, presha, nguo mbichi, ardhi ya utelezi, nyonga. Alikuwa amewapokea wengi wa namna hiyo wodini, wameletwa na ambulansi baada ya kuteleza bafuni tu, sembuse huku. Na chini ya kichwa cha kazi palikuwa na aibu, kwa sababu alikumbuka vile kifua kilivyomjaa hewa akimwacha.

"Shika njia ya kushoto," alimwambia Daisy. "Hawezi kuteremka peke yake, lazima amepanda. Twende, na tuite."

Wakapanda wakiita. Daisy aliita, "Susu! Susu!" na upepo ukalipeleka neno lile la Kikamba juu ya nyika ya Yorkshire. Mwende aliita, "Mama Sachin!" kwa sauti aliyokuwa hajaitumia tangu utotoni, ya kuita mtu bonde la pili. Walipita kilima kidogo, wakapita kijito, na pale ukungu ulipopasuka waliona doa la rangi ya chungwa.

Lila alikuwa ameketi juu ya jiwe dogo, koti la Daisy mabegani, akinywa chai kwenye kifuniko cha chupa. Pembeni yake alisimama mama wa Kizungu mwenye mbwa, na mbele yao wote, limelala upande kama ng'ombe anayecheua, lilikuwa jiwe lenyewe.

"Nyinyi napotelea wapi?" Lila aliwaita kwa furaha. "Mimi nangoja hapa muda mrefu! Huyu mama napita na mbwa, nasema jiwe iko karibu sana, njia ya huku iko sawa kabisa, hakuna mlima. Nikamwambia, basi twende."

Daisy alikimbia. Alimkumbatia Lila hivi kwamba chai ikamwagika, akalia begani mwake, na maneno yakamtoka kwa Kiswahili, yote kwa mkupuo: "Nimekuogopea, susu, nilidhani umeanguka, nilidhani umekufa, usifanye hivyo tena!"

Mwende alisikiliza sentensi ile ndefu. Alikuwa ameingoja maisha yote ya Daisy, na haikuwa yake.

"Susu wake yuko Machakos," alisema.

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Lila akainua uso.

"Susu wake yuko Machakos, Mama Sachin. Ni mama yangu mimi. Ana jina lake na anaumwa mgongo, na kila Jumamosi ananiuliza kwa nini mjukuu wake hamwamkii. Nimwambie nini? Nimwambie salamu zote zinaishia nyumba ya pili? Wewe una wajukuu wako. Waite hao wakuite susu!"

Mama mwenye mbwa hakuelewa neno hata moja, lakini alielewa vya kutosha. Alichukua kifuniko cha chupa yake, akasema kwaheri kwa upole, akaondoka na mbwa.

Daisy alisimama. Alijifuta pua kwa mkono. Alianza kwa Kiingereza, akanyamaza, kisha akasema kwa Kiswahili, akitafuta kila neno:

"Mama, unajua kwa nini siongei na wewe?"

"Niambie."

"Kwa sababu Kiswahili yako ni ya kugombana. Wewe na Baba, mlikuwa mnagombana na Kiswahili, usiku na mchana, mpaka akaenda Walthamstow. Ukipigiwa simu na Kiswahili, mtu amekufa. Ukiniambia 'toa viatu hapo', ni Kiswahili. Ukinisifu, unanisifu kwa Kiingereza. Well done. Good girl. Nikiwa mdogo nilikuwa nikisikia Kiswahili, nilikuwa..." Neno halikuja. Alikunja mabega juu, akayaweka karibu na masikio, kama mtoto anayesubiri kofi. "Hivi. Nilikuwa hivi. Kwa Lila siko hivi. Ni hiyo tu."

Mwende alitaka kusema kwamba hakuwahi kumpiga. Ilikuwa kweli, lakini alijua silo aliloambiwa. Alimkumbuka Bonface, baba yake Daisy, mlangoni na sanduku, na yeye mwenyewe akimtupia maneno mpaka mtaani, na dirisha la juu, la Daisy, lenye taa. Kiingereza chake wakati ule hakikuwa na maneno ya kutosha kwa hasira ile. Kilikuwa na maneno ya kazini tu, na ya sifa alizojifunza kwa walimu wa shule ya Daisy, naye aliyapeleka nyumbani akidhani ndiyo bora zaidi.

Alikwenda akasimama mbele ya jiwe, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kutazama.

Mwanzoni hakuona kitu. Daisy alikuja kimya, akafungua chupa yake, akamwaga maji taratibu juu ya uso wa jiwe, na maji yalipotiririka yakaonyesha. Palikuwa na vishimo vya mviringo, vya kutosha kidole gumba, na kukizunguka kila kishimo duara, na kulizunguka duara hilo duara jingine, kama alama ambazo vikombe vya chai huacha mezani. Mifereji membamba ilitoka katikati na kukimbilia ukingoni. Mvua ilikuwa imeyala maduara hayo kwa maelfu ya miaka, na bado yalishikika. Mwende aliweka kidole katika duara la nje, akalifuata mpaka mwisho, akaingia la ndani.

"Walichonga na nini?" aliuliza.

"Na jiwe lingine," alisema Daisy.

"Ya nini?"

"Hakuna mtu anajua. Kuna watu wanasema ramani, wengine nyota. Hakuna mtu anajua, kabisa."

Mwende alitambua kwamba binti yake alikuwa bado anasema Kiswahili. Hakuthubutu kugeuza kichwa. Aliendelea kufuata duara kwa kidole, moja hadi jingine, mpaka Daisy alipoketi na kutoa penseli na kuanza kuchora.

Walipoteremka, njia ilikuwa na utelezi. Daisy alitangulia kupima ardhi, kwa hiyo Lila alibaki kwa Mwende. Mwende alimshika chini ya kwapa na kiwiko, jinsi anavyowashika wagonjwa, kwa nguvu na bila mapenzi. Walikwenda hivyo kwa muda mrefu.

"Mimi iko na wajukuu wanne, Toronto," Lila alisema hatimaye, akitazama miguu yake. "Ba ni susu ya kwetu. Nikipiga simu, wanasema 'Hi, Ba', halafu 'Bye, Ba'. Kigujarati hapana, Kiswahili hapana. Tangu Kanti alipokufa, mimi hakuna mtu wa kuongea naye hii Kiswahili ya nyumbani. Halafu Daisy akaleta kifurushi yangu, nikasema 'karibu, mtoto', akajibu 'asante, susu'. Sikumfundisha, Mama Daisy. Alikuwa nayo. Umempa wewe."

Mwende alimpitisha kando ya dimbwi.

"Na mimi nasikia nyinyi kwa ukuta," Lila aliendelea. "Wewe narudi kazini, unamwuliza umekula? Hata mkigombana, nasikia. Napunguza televisheni, nasikiliza. Mimi naona wivu sana. Miaka mingi naona wivu."

"Wivu wa sisi kugombana?"

"Ndiyo. Sachin hagombani na mimi. Anatuma maua."

Mwende alicheka kabla hajajizuia, kicheko kifupi, kikali. Aliudhika kwamba amecheka. Pale kijito kilipokata njia alimzungushia Lila mkono kiunoni na kumvusha, na mwanamke yule alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

"Ungeweza kuanguka leo," alisema walipofika ng'ambo. "Nilikuacha makusudi. Nataka ujue."

"Najua," alisema Lila. "Mimi si mtoto. Ndiyo maana nilikwenda na mbwa."

Kwenye treni ya kurudi Lila alilala, mdomo wazi. Daisy aliketi upande wa Mwende safari hii, labda kwa sababu kiti cha ng'ambo kilikuwa na makoti yaliyoloa, na Mwende hakutaka kuuliza sababu. Daisy alimsogezea karatasi zake. Jiwe lilikuwa pale, mara tano, sita, na kwenye karatasi ya mwisho palikuwa na mkono juu ya jiwe, kidole kimoja kikifuata duara. Mwende aliutambua kwa kovu lake la mafuta ya moto.

"Very g..." alianza, akaacha. Alikohoa. Maneno ya Kiswahili aliyoyahitaji alikuwa akiyajua tangu kuzaliwa, na yakawa mazito kinywani kama ya lugha ya kigeni. "Umechora vizuri sana, mwanangu. Unajua kazi yako."

Daisy aliona haya. "Asante," alisema, kisha akaongeza kwa Kiingereza kwamba betri ya simu yake imekwisha na kama mama ana chaja.

Ningesema kwamba wivu wa Mwende ulibaki kule nyikani, lakini haukubaki. Daisy hakugeuka kuwa mtu mwingine. Siku nyingi alijibu kwa Kiingereza, siku moja moja kwa Kiswahili, na aliendelea kwenda nyumba ya pili kula pilipili, na kila mlango ule wa pili ulipofungwa Mwende alihisi kifungo kile kikimbana. Tofauti ilikuwa kwamba sasa alikuwa akisema. "Leo nimeona wivu," angemwambia Lila juu ya ua, kama anayesema leo mgongo unauma, na Lila angetikisa kichwa na kumpa dania.

Mwezi wa kumi, Jumamosi, mama yake Mwende alipopiga simu kutoka Machakos, Daisy alikuwa jikoni. Mwende hakumwomba. Daisy mwenyewe alinyoosha mkono, akachukua simu, akaweka spika.

"Shikamoo, susu. Mimi iko mzima. Wewe iko namna gani?"

Kule Machakos bibi kizee akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Mwende! Huyu mtoto amefundishwa na Mhindi gani?"

"Ni jirani yetu," alisema Mwende, akiinamia simu. "Alizaliwa hapo hapo mjini. Baba yake alikuwa na duka karibu na soko."

"Duka lipi? Lile lenye mlango wa buluu? Nilinunua kanga yangu ya harusi pale! Mlete nimsikie!"

Daisy alikwisha toka mbio. Akarudi na Lila, mikono ina unga, na dakika ile ile wazee wale wawili wakaanza kupigiana kelele kwa Kiswahili na Kikamba kilichochakaa, juu ya mlango wa buluu, na punda aliyekuwa akifungwa mbele yake, na nani alikufa na nani bado. Mwende alingoja zamu yake. Chai ikachemka, ikapoa. Mara mbili alinyoosha mkono, akisema apewe simu, na mara mbili mama yake, kutoka upande wa pili wa dunia, akasema, "Ngoja kwanza, Mwende, tunaongea."

Mwende alivuta kiti akaketi, uso umemvimba. Daisy alimtazama, akabana midomo asicheke, kisha akamkatia chapati nusu na kumsogezea sahani.